Pikipiki Isiyotaka Kuwaka: Tafuta Umeme Ulipokatikia

Mkulima mmoja wa Kinangop ameniandikia barua ndefu, na kwa kuwa jambo aliloniuliza huwasumbua watu wengi, nimeona yafaa nimjibu mbele ya wasomaji wote. Bwana huyu hupeleka maziwa kila siku alfajiri kwa pikipiki, mikebe miwili ameifunga nyuma. Gari la kukusanya maziwa hupita barabarani saa kumi na mbili na nusu, wala halimngoji mtu. Asubuhi moja ya mvua za masika alitia ufunguo, akabonyeza kitufe cha stata, kukawa kimya. Akapiga kiki mpaka jasho likamtoka katika baridi ile, lakini injini haikukohoa hata mara moja. Maziwa ya siku hiyo yaligawiwa ndama na majirani.

Fundi wa sokoni akaitwa. Alipobonyeza stata naye akasikia kimya, alisema, "Betri imekufa." Ikanunuliwa betri mpya, na pikipiki haikuwaka. Kesho yake akasema kwamba kilichokufa ni kile kisanduku cheusi kinachotawala cheche, ambacho mafundi hukiita sidiai. Nacho kikanunuliwa, na pikipiki haikuwaka. Siku ya nne kijana wa jirani, ambaye hata si fundi, aliinua tangi la petroli akaona waya mmoja umekatika penye shingo ya usukani. Aliuunganisha, akauzungushia utepe, na injini ikawaka kwa kiki ya kwanza. Sasa mwandishi wa barua auliza maneno mawili: je, fundi yule alimdhulumu, au hakujua kazi? Na ile betri ya zamani pamoja na sidiai ya zamani azifanyie nini?

Nitaanza na lile la kwanza. Ndugu yangu, mimi sikuwapo, wala sipendi kumhukumu mtu ambaye sikumsikia. Lakini jawabu la ugonjwa wa pikipiki yako ulikuwa nalo mwenyewe asubuhi ile ile. Umeandika, kama neno la kupita tu, kwamba taa ndogo ya kijani ya gia huru iliwaka kama kawaida, na kwamba ulipopiga honi ng'ombe walishtuka zizini. Honi yenye nguvu za kushtua ng'ombe haipigwi na betri iliyokufa. Kweli, betri iliyo dhaifu huweza kupiga honi na bado ikashindwa kuzungusha stata, maana stata hula umeme mwingi mno kuliko honi. Lakini hapo ungalisikia mlio, "tak," au "tatatata," na ile taa ya kijani ingalififia palepale ulipobonyeza kitufe. Kwako kulikuwa kimya kabisa, na taa haikutingishika. Maana yake ni kwamba umeme ulikuwamo ndani ya betri, ila haukufika kwenye stata.

Tena kulikuwa na neno la pili. Stata ilikuwa kimya, na kiki nayo haikutoa cheche. Vitu viwili vilikufa usiku mmoja. Ni nadra sana vyombo viwili visivyogusana kuharibika kwa saa ile ile. Mkulima anayemwagilia maji akiona vitalu viwili vimekauka pamoja, hali kitalu cha tatu kina maji, hachimbui vitalu hivyo, bali hupanda juu ya mfereji mpaka mahali unapogawanyika kwenda kwenye vile viwili, akatazame kama umeziba. Katika pikipiki umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, hufika kwenye swichi ya ufunguo. Kutoka hapo mkono mmoja huenda kwenye honi na taa. Mkono mwingine, katika pikipiki nyingi, huenda kwenye ile swichi nyekundu ya kuzimia injini, iliyo upande wa kulia wa usukani, na ni baada ya swichi hiyo ndipo hugawanyika, nusu kwenda kwenye stata na nusu kwenda kwenye sidiai. Honi ilikuwa hai. Stata na sidiai zilikuwa zimekufa. Basi palipokatika ni kati ya ufunguo na ule mgawanyiko, yaani shingoni mwa usukani, pale pale alipopaona kijana yule.

Shingo ya usukani ni mahali pa kutiliwa shaka siku zote. Kila unapokata kona nyaya zile hupindwa na kunyoshwa, na katika barabara ya murram yenye matuta hutikiswa mchana kutwa. Waya wa shaba ukipindwa mara nyingi huvunjika ndani kwa ndani, na ngozi yake ya nje ikabaki nzima, jicho lisione kitu. Dalili yake ni hii: geuza usukani polepole kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho, huku ufunguo umefunguliwa na mtu mwingine amebonyeza honi au anatazama taa. Kitu kikizimika na kuwaka kwa kufuata mwendo wa usukani, ugonjwa umeupata, wala hukulipa senti.

Sasa niseme kwa ajili ya wasomaji wengine, maana si kila pikipiki iliyokataa kuwaka huwa na ugonjwa wa Kinangop. Kabla ya kumwita mtu yeyote, tazama ile swichi nyekundu. Msicheke. Watoto huigusa wakichezea pikipiki uani, na mvulana anayeiosha huisukuma kwa kitambaa. Nimewaona watu wazima wenye akili zao wakisukuma pikipiki mwendo mrefu kwa sababu ya swichi hiyo. Tazama pia kama gia iko huru, na kama kigingi cha ubavuni kimekunjwa, kwa kuwa pikipiki nyingine zimewekewa swichi penye kigingi au penye klachi ili mtu asiondoke kwa hatari. Hizo nazo huingia matope zikakwama.

Kisha fungua ufunguo na usikilize. Ikiwa hakuna taa wala honi, ubaya uko karibu na betri: fyuzi imeungua, au vichwa vya betri vimelegea, au betri yenyewe imekwisha. Ikiwa taa zawaka lakini zafifia mara unapobonyeza stata, betri ina njaa au vichwa vyake vimeshika uchafu. Ikiwa stata yazunguka kwa nguvu na injini haipokei, stata haina kosa. Tafuta petroli au cheche. Na ikiwa stata haizunguki lakini kiki yawasha injini vizuri, panda uende kazini, ukatengeneze jioni.

Vichwa vya betri ndiyo asili ya shida nyingi kuliko mtu anavyoweza kuamini. Ule unga mweupe au wa rangi ya majani unaoota juu yake huzuia umeme kupita. Funguo zote zizimwe, kisha fungua kwanza waya wa upande wa hasi, ndipo ule wa chanya. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza na hasi mwisho. Sababu ni kwamba hasi imefungwa kwenye chuma cha pikipiki. Ukianza na chanya, na spana ikaponyoka ikagusa fremu, utaona moto wa kutosha kuyeyusha ncha ya spana. Osha unga kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, kisha sugua kwa msasa, ukaze barabara, upake grisi nyembamba juu. Usisahau ncha ya pili ya waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye fremu au injini. Huko watu hawatazami kamwe, na huko ndiko kutu hujificha.

Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya kipimo kile kile kilichoandikwa juu yake, ambacho kwa pikipiki ndogo mara nyingi ni ampea 10 au 15. Twaona watu wakifunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au uzi wa waya, wakafurahi kwamba sasa haiungui tena. Naam, haiungui yenyewe, bali siku ya hatari huacha nyaya ziungue chini ya tangi la petroli. Fyuzi mpya nayo ikiungua mara moja, usiweke ya tatu. Kuna waya uliochubuka mahali fulani unaogusa chuma, na fyuzi yakuambia hivyo.

Mara nyingi waya huo ni ule ulioongezwa na mwenye pikipiki mwenyewe. Katika siku hizi za bodaboda vijana wengi hupenda kuongeza taa kali mbele, redio, na kifaa cha kutilia simu umeme. Kila kimoja huungwa popote palipo na waya, na kiungo hufungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Karani hana haja ya kufundishwa hesabu hii: wati zigawanywe kwa volti, upate ampea. Taa mbili za wati 20 kila moja ni wati 40, na betri ni volti 12, basi zala zaidi ya ampea 3. Betri ndogo ya ampea 5 kwa saa, hata ikiwa mpya na imejaa, haiwezi kuzilisha kwa muda wa saa mbili injini ikiwa imezimwa. Injini ikinguruma polepole penye kituo cha abiria, jenereta yake hutoa umeme kidogo tu, na betri huendelea kunyonywa. Kesho yake alfajiri mtu ashangaa.

Panya nao ni maadui. Pikipiki inayolazwa karibu na ghala la mahindi hutafunwa nyaya usiku. Ukiona mavi ya panya chini ya kiti, usijisumbue kutafuta ugonjwa mbali.

Sasa nitaeleza chombo ambacho ningependa kila mwenye pikipiki awe nacho, nacho hakigharimu kitu. Twaa balbu ya indiketa ya volti 12, pamoja na nyumba yake ikiwa ipo. Unga waya mmoja wenye urefu wa mkono kwenye kitako chake, na mwingine ubavuni. Funga waya mmoja kwenye chuma safi cha injini kisichopakwa rangi. Waya wa pili ndio kidole chako cha kupimia. Gusa kichwa cha chanya cha betri: balbu iwake. Ikiwaka, fungua ufunguo, usogee hatua moja mbele. Gusa upande wa fyuzi umeme unapoingia, kisha upande unapotokea. Ikiwaka upande mmoja na kukataa wa pili, fyuzi ndiyo iliyokufa. Songa mpaka swichi ya ufunguo, kisha swichi nyekundu, kisha kitufe cha stata. Mahali pa kwanza balbu inapokataa kuwaka, ubaya uko kati ya hapo na mahali ulipogusa mara ya mwisho ikawaka. Hakuna kubahatisha. Laiti fundi yule wa sokoni angalikuwa na balbu hii, kazi yake ingalikwisha kabla ya chai.

Jambo moja tu nakuonya: usiguse kwa balbu hii nyaya zinazoingia kwenye sidiai yenyewe, wala za kompyuta ya zile pikipiki mpya zisizo na kabureta, maana vyombo hivyo ni vyepesi kuharibika. Kwa hivyo yataka mita ya volti, ambayo siku hizi mtu wa kawaida aweza kuinunua. Kwa mita hiyo utajua pia hali ya betri. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 12 imekwisha. Bonyeza stata huku mita ingali imefungwa: ikianguka chini ya 9.5 na stata yajikokota, betri haifai au haikujaa. Injini ikisha kuwaka, iongezee moto kiasi, mita ipande kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Isipopanda, jenereta au kile kifaa cha kugeuza na kudhibiti umeme hakifanyi kazi, na ukinunua betri mpya utakuwa umemwagia maji gunia lenye tundu. Ikipita 15, kifaa hicho kimeshindwa kuzuia, na betri itachemshwa mpaka ikauke.

Kuhusu cheche nitasema kwa ufupi. Toa plagi, irudishe ndani ya kofia yake, uiegemeze chuma chake kwenye injini mbali na tundu ilimotoka, kisha piga kiki kivulini. Cheche nzuri ni ya buluu na yalia kwa ukali. Usiishike kwa mkono, wala usifanye hivyo palipomwagika petroli. Na usizungushe injini huku kofia ya plagi yaning'inia hewani, kwa kuwa umeme ukikosa njia huweza kuivunja koili au sidiai. Ikiwa hakuna cheche, jaribu kwanza plagi nyingine, maana ndiyo ya bei ndogo. Kisha fungua kofia ya plagi na kukata ncha ya waya wake kidogo, uirudishe kwenye shaba mpya. Mvua na kuosha pikipiki kwa bomba la nguvu hutia maji ndani ya kofia hiyo. Ipanguse na kuianika. Sidiai iwe ya mwisho, tena isinunuliwe kabla ya kuijaribu. Mwombe jirani mwenye pikipiki ya aina ile ile akuazime yake kwa dakika tano. Kama yako haiwaki hata kwa sidiai yake iliyo nzima, umeokoa fedha zako.

Wengine wataniuliza mbona baba zao waliwasha pikipiki bila betri kabisa. Ni kweli. Pikipiki ya BSA Bantam, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilipata cheche yake kutoka kwenye sumaku zinazozunguka pamoja na injini, na betri haikuhitajiwa ili iwake. Hata leo ziko pikipiki ndogo ambazo sidiai yake hulishwa na koili iliyo ndani ya injini, na hizo huwaka kwa kiki betri ikiwa imekufa. Lakini nyingine hulishwa na betri, na ikiisha kabisa utasukuma mpaka mtoni bure. Soma kijitabu cha pikipiki yako ujue ni ya aina gani, kabla hujakwama njiani usiku.

Sasa nirudi Kinangop. Kuhusu fundi, mimi nadhani hakujua. Mtu ajuaye na kutaka kudhulumu angaliunganisha waya ule kwa siri siku ya kwanza, akakuuzia betri, ukaondoka ukimshukuru. Huyu alirudi siku ya pili na ya tatu, akaona haya mbele ya watu. Hata hivyo, nenda kwake kwa upole ukamwombe akusaidie kurudisha sidiai ile mpya dukani, ikiwa bado ina boksi lake na risiti. Huenda wakakubali, huenda wakakataa. Wakikataa, iweke nyumbani mahali pakavu, iwe akiba.

Betri ya zamani usiitupe. Kwa maneno yako mwenyewe haikuwa na kosa. Ikiwa ni ya aina inayofunguliwa, tazama maji yake. Yakipungua chini ya mstari ongeza maji ya betri peke yake, si ya mto wala ya tangi, na asidi usiongeze kamwe. Itie umeme kwa chaja ndogo, kwa sehemu ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea 5 kwa nusu ampea, usiku kucha. Usimpe yule wa sokoni anayetia umeme betri za malori, maana chaja yake ni kali na itaipasua. Vifuniko viwe wazi, dirisha liwe wazi, na sigara na koroboi vikae mbali, kwa sababu betri inapotiwa umeme hutoa hewa inayolipuka. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha uende hospitali.

Ikisha kujaa, iache siku moja bila kuifunga, kisha uipime. Ikiwa ingali na volti 12.6, irudishe kwenye pikipiki, na ile mpya jaribu kuiuza kwa jirani ingali na thamani. Ukiamua kuziweka zote mbili, ile isiyotumika uitie umeme kila mwezi, kwa maana betri hujimaliza polepole hata ikiwa imekaa kabatini. Na ule waya wa shingoni, utepe peke yake hautavumilia masika mengine. Mtafute mtu mwenye chuma cha kulehemu kwa risasi, aunge shaba kwa shaba, kisha aufunge kwenye fremu kwa kuuachia nafasi, usukani ugeuke mpaka mwisho pande zote mbili bila kuuvuta.

Juma lijalo, nikijaliwa, nitawajibu wale wawili wa Kitale walioniuliza juu ya mnyororo unaoruka meno.